Jasho la Kuazima

Mimi sitoki jasho. Ukimwambia mtu wa Tanga maneno hayo atakutazama kwa jicho la pembeni, maana kwetu asiyetoka jasho ni mla vya wenzake, mtu wa kukaa barazani akingoja sahani. Kwangu ni habari ya mwili tu. Mwaka 2009 basi tulilopanda lilipinduka karibu na Segera, pingili ya sita ya shingo yangu ikavunjika, na uti uliomo ndani ukaumia usipone. Hospitali walinieleza habari za miguu, vidole na mkojo. Habari ya jasho hakuna aliyeigusa. Niliijua mwenyewe Februari iliyofuata, usiku umeme umekatika, upepo wa bahari umekufa, chumba kizima kinalowa: mama, shangazi, wadogo zangu, kila mmoja nguo imemganda mgongoni. Mimi nilikuwa mkavu kama karatasi, kichwa kinagonga, macho yanaona ukungu. Shangazi akanisifia: "Huyu joto halimwezi." Mama hakusema kitu. Aliniwekea kiganja kwenye paji la uso, akatoka, akarudi na bakuli la maji, kitambaa na kipepeo cha ukindu. Akanipangusa mikono, kifua na mapaja, kisha akapepea. Akachovya tena, akapangusa, akapepea. Mkono wa kulia ulipochoka akahamia wa kushoto, na hadi kufika saa tisa ya usiku jasho lake lilikuwa linanidondokea kifuani.

Alichokuwa akikifanya nilikuja kukisoma baadaye. Jasho halipozi kwa kutoka, linapoza kwa kukauka. Lita moja ikikauka yote juu ya ngozi huondoka na joto la kilokalori 580 hivi. Amri ya kulitoa inatoka ubongoni, inashuka ndani ya uti wa mgongo, na kuanzia usawa wa kifua ndipo inapochepuka kwenda kwenye ngozi ya mwili mzima, hata ya uso. Njia ikikatika shingoni, amri haifiki popote. Mwenye jeraha kama langu hufuata joto la chumba kama mjusi anavyofuata la jiwe alilolalia. Kile kitambaa cha mama kilikuwa jasho nililoazimwa.

Sasa naishi Portland, jimbo la Oregon, upande wa magharibi ya mbali wa Marekani. Nilikuja mwaka 2014 kumfuata dada yangu, naye baadaye akahamia Minnesota na mumewe, mimi nikabaki na chumba, kiti cha umeme, na mama mmoja wa Uvira, Kongo, anayelipwa na wakala kuja kunihudumia. Yeye ananiita Papa, mimi namwita Mama, ingawa nimemzidi miaka minne. Kiswahili chake na changu vinapishana kila asubuhi na hakuna anayemsahihisha mwenzake. Nilipofika niliambiwa mji huu una adha moja tu, mvua. Nyumba si chache hazikuwa na kiyoyozi, na hakuna aliyeona kwamba kuna kilichopungua.

Moshi ndio uliotangulia. Septemba 2020, siku ya sikukuu yao ya wafanyakazi, upepo mkavu ulishuka kutoka mashariki, na mioto iliyokuwa ikifukuta milimani ikapata mabawa. Ndani ya siku chache zaidi ya ekari milioni moja za Oregon ziliungua. Mimi ni mtoto wa moshi, nimekulia jiko la kuni na mkaa, na kila mwisho wa kiangazi niliona vilima vya Handeni vikiwaka watu wakisafisha mashamba. Kwa eneo linaloungua kila mwaka, Afrika inayaacha mbali mabara mengine yote, ila mwingi ni moto wa nyasi, unapita na kwenda zake. Huu ulikuwa mwingine. Ulibeba miti ya mamia ya miaka, na ndani yake nyumba za watu pamoja na magodoro, matairi na makopo ya rangi. Kipimo cha ubora wa hewa, ambacho kikifika 301 tu wanasema ni hatari kwa kila mtu, kilipita 400. Portland ikakaa siku kadhaa ikitajwa kuwa mji mkubwa wenye hewa chafu kuliko yote duniani. Jua lilikuwa kama kiini cha yai kilichoiva sana, unalitazama wala halikuumizi macho.

Kilichomo ndani ya moshi huo si masizi yanayoonekana. Ni chembe zenye upana wa mikromita 2.5 kushuka chini. Unywele wako mmoja una upana wa zaidi ya mara ishirini ya hiyo. Mtu mzima wa viungo akizivuta, kifua kinawasha, anakohoa, anatema, yamekwisha. Mimi misuli ya tumbo haifanyi kazi, na kikohozi ni kazi ya tumbo kuliko ya koo. Kwa hiyo mimi sikohoi, nakohozwa. Mama anapanda pembeni ya kitanda, anaweka viganja viwili chini ya mbavu zangu, ananiambia vuta, nami navuta, kisha anasukuma ndani na juu kwa uzito wake wote, na hewa inatoka na makohozi yake. Wiki ile ya moshi alinikohoza kila baada ya saa mbili. Shuleni kauli ya kutendeshwa ilifundishwa kwa mifano ya mtoto kulishwa na mzee kuketishwa, na hakuna mwalimu aliyesema kwamba mtu anaweza kuhamia humo na familia yake yote: kuogeshwa, kuvishwa, kugeuzwa, kukohozwa. Lugha ilikuwa tayari imenitengea chumba.

Barakoa ngumu, zile zenye mikanda miwili inayopita kisogoni, nazo zina mashauri yake. Kwa kifua dhaifu kila pumzi inakuwa ya kuomba. Tena, akishakuvalisha mtu na kutoka, kuivua huwezi. Kichefuchefu kikikujia hapo, una dakika chache za kumtafakari Muumba wako. Nikaamua sivai nikiwa peke yangu, moshi au hakuna moshi. Badala yake mtoto wa Mama, kijana wa miaka kumi na mitano aliyekuwa akisomea nyumbani kwa sababu ya korona, alikuja akabandika filta ya tanuri la nyumba nyuma ya feni yangu ya mraba kwa solotepu pana. Baadaye tulijifunza namna iliyo bora: filta nne zinazosimamishwa kuwa kuta, boksi la kadibodi chini, feni juu ikipuliza kuelekea darini. Linaitwa kwa majina ya Richard Corsi na Jim Rosenthal, waliolitangaza mwaka huohuo wa 2020, na Corsi wakati ule alikuwa mkuu wa kitivo cha uhandisi katika chuo kikuu cha hapahapa Portland. Kila filta ina mshale ubavuni wa kuonyesha hewa inakoelekea, na mishale yote inatakiwa itazame ndani. Kijana alikosea mmoja. Mimi ndiye niliyeuona, kutoka kitini. Tukabandua, tukageuza. Siku ya tatu filta zilizokuwa nyeupe zilikuwa na rangi ya chai ya rangi, na Mama alizitazama akasema, "Papa, hii yote ingekuwa mu mapafu yako."

Maarifa mengi ya namna hii hayakutoka kwa wakubwa wa idara za maafa. Mwaka 2019 huko California kampuni ya umeme ilizima laini za watu zaidi ya milioni mbili ili upepo usije ukaangusha nyaya na kuwasha moto. Hatua ya busara, ikiwa pumzi yako haitegemei soketi. Stacey Park Milbern, mwanamke wa Oakland aliyetumia kiti na mashine ya kupumulia, yeye na wenzake wenye ulemavu wakaanza kupangana: nani ana jenereta, nani ana dawa za kuwekwa kwenye friji, nani anaweza kulala kwa nani. Alifariki Mei 2020 akiwa na miaka 33, miezi michache kabla ya moshi wetu. Mwaka 2025 Marekani ilitoa sarafu ya senti 25 yenye sura yake. Ninayo moja. Siwezi kuiokota ikianguka.

Sasa niseme lililonisumbua kuliko moshi wenyewe. Shauri la moshi ni fupi: funga madirisha. Na shauri la joto, kwa asiye na kiyoyozi, ni fupi vilevile: fungua madirisha usiku ukipoa. Zipo siku za Agosti viwili hivyo huja pamoja, na hapo mwenye mwili wa kawaida hukasirika tu, anafunga, anafungua, anatoka kwenda kukaa kwenye duka kubwa lenye ubaridi na kujifanya anachagua mito. Kwangu dirisha lenyewe ni mtu. Likifungwa saa kumi jioni Mama akiondoka, limefungwa hadi kesho asubuhi. Hata lile shauri la tatu ambalo kila redio hulisoma, kunywa maji mengi, limeandikwa na mtu anayekwenda chooni mwenyewe. Kila glasi ninayokunywa ni miadi na mtu wa kumwaga mfuko wa mkojo. Mfuko ukijaa, au mpira ukikunjika, presha yangu hupanda ghafla na uso hulowa jasho. Ndiyo, jasho hutoka siku hiyo, tena jingi, na lile halipozi kitu. Mama akiliona haulizi, anakwenda moja kwa moja kukagua mpira. Nawajua wenzangu wanaojinyima maji mchana kutwa ili wasimsumbue mtu, na hao hao ndio joto linaowatafuta kwanza.

Basi likaja lile joto. Juni 2021 hewa ya moto ilijifunika juu ya nchi yetu ya mvua kama sufuria iliyopinduliwa. Rekodi ya Portland tangu waanze kupima ilikuwa nyuzi 41.7 za Selsiasi. Jumamosi tarehe 26 ikafika 42.2, Jumapili 44.4, Jumatatu 46.7. Joto la Tanga, hata la Februari, huzunguka 33 na bahari ipo. Dada alinipigia kutoka Minnesota, mama akatuma ujumbe wa sauti kutoka Tanga: "Si mlisema huko kuna barafu?" Nikacheka, na kucheka kukanichosha.

Mji ulifungua kumbi za kupozea watu, na ule ukumbi mkubwa wa mikutano ulikuwa wazi usiku na mchana. Ila treni za mjini zilisimamishwa, nyaya za juu zilishindwa na joto. Picha ya waya wa tramu ulioyeyuka ilizunguka dunia nzima. Basi lenye ubao wa kupandishia kiti lilikuwepo. Lakini ukumbini kuna vitanda vya kukunja, na mimi nikilala bila godoro langu la upepo na bila wa kunigeuza, nitatoka na vidonda vya kulalia vitakavyonichukua mwaka kupona. Hata njia ya kwenda kituoni ni mtihani. Chuma cha kiti kikikaa juani kinachoma, na ngozi isiyohisi huungua kimyakimya; unagundua kwa harufu. Mwenye nyumba wakati ule alikataza viyoyozi vya dirishani kwa sababu vinaharibu sura ya jengo. Mwaka 2022 Oregon ilitunga sheria ya kuwabana wenye nyumba wa namna hiyo, nashukuru. Juni 2021 jengo lilikuwa na sura nzuri.

Jumatatu saa kumi, saa yake ya kuondoka, Mama alivua aproni, akatazama kipimajoto cha ukutani, kilikuwa 36, akavaa aproni tena. Akawapigia wanawe waende wakalale kwa shangazi yao aliyekuwa na chumba cha chini ya ardhi. "Leo siendi fasi," akaniambia. Nikamwambia wakala hatamlipa. Akanijibu kwa kuchukua chupa ya kupulizia, ile kama ya kinyozi, na kunipulizia maji usoni ili ninyamaze.

Usidharau chupa ile. Hewa ikiwa na joto kuliko ngozi, feni juu ya mwili mkavu ni kama kusimama mbele ya mlango wa tanuri la mikate, inakuongezea. Lakini ngozi ikiwa na maji, feni ileile inayakausha na kuondoka na joto. Kwa hiyo: anapuliza mikono hadi kwenye viganja, anapuliza shingo, mapaja, miundi, anawasha feni. Dakika nane, ngozi imekauka, anapuliza tena. Kitambaa chenye barafu kisogoni. Blauzi yake ilikuwa imebadilika rangi mgongoni na chini ya mikono, chumvi imechora ramani. Alikuwa anatokwa na jasho ili mimi nipate langu. Nililitazama jambo hilo kwa muda mrefu, kwa sababu sikuwa na pa kwenda, nikamkumbuka mama na kipepeo chake, nikaona kwamba tangu mwaka 2009 mwili huu haujapata kupoa kwa nguvu zake wenyewe hata siku moja.

Saa mbili usiku, jua bado lipo, Mama akakumbuka mzee wa ghorofa ya chini, yule mwenye mashine ya oksijeni. Tukashuka kwa lifti. Akagonga akasema hodi, kwa Kiswahili, kwa sauti ya kwao Uvira. Kimya. Akagonga tena. Sauti ikajibu kwa Kiingereza kwamba yuko sawa. Hili ndilo neno la watu wa huku, yuko sawa hata akiwa sakafuni. Mama hakusogea. Aliendelea kugonga taratibu, kama anayetwanga, mpaka mlango ukafunguka kwa upana wa mnyororo, na joto la ndani likatutokea usoni. Mashine ile yenyewe hutoa joto ikifanya kazi. Madirisha yalifungwa, feni inampulizia moja kwa moja, na mzee amevaa sweta. Ngozi yake ilikuwa kavu kama yangu. Nilibaki mlangoni nikiwapigia watu wa dharura, simu ikilia bila kupokelewa, na Mama ndani akimvua sweta huku akimkaripia kwa Kiswahili, naye akimtii. Gari la wagonjwa lilikuja, kwa kuchelewa. Wiki iliyofuata mzee alirudi.

Katika wilaya yetu joto lile liliua watu karibu 70, wengi wao majumbani mwao, peke yao. Ng'ambo ya mpaka, katika jimbo la British Columbia huko Kanada, waliokufa walikuwa 619. Ofisi ya uchunguzi wa vifo iliwapitia mmoja mmoja: asilimia 98 walipatwa wakiwa ndani ya nyumba, zaidi ya nusu wakiishi peke yao, na wenye maradhi ya skizofrenia walikuwamo kwa wingi usiolingana na idadi yao mitaani. Nikisoma hesabu hizo naona milango. Milango mizuri, yenye upana wa kupitisha kiti, ambayo watu kama mimi waliipigania kwa miaka.

Na hapa sisemi kwamba nyumbani kulikuwa bora. Nilikaa miaka mitano katika chumba cha nyuma Tanga, sikuwahi kuwa peke yangu hata saa moja, wala sikuwahi kuulizwa ninataka kula nini. Wageni walimuuliza mama, "Anakula?" nami nipo. Nilichokikuta Marekani, haki ya kusema leo nitaamka saa nne, leo sinyolewi, sikubali kukirudisha. Lakini naona pia jinsi neno kujitegemea lilivyopindwa. Ed Roberts na wenzake wenye ulemavu walipofungua kituo chao cha maisha ya kujitegemea huko Berkeley, California, mwaka 1972, Roberts alikuwa mtu wa kulala ndani ya pafu la chuma. Hakuna aliyejua kuliko yeye kwamba peke yake asingefika asubuhi. Kujitegemea kwake kulikuwa kuchagua mikono, kuilipa na kuielekeza. Waliokuja kuhesabu gharama wakalichukua neno na kuiacha mikono. Sasa mtu akipewa chumba, ufunguo na saa nne za msaidizi kwa siku, anahesabiwa amejitegemea, na saa ishirini zilizobaki ni zake na feni.

Ile Jumatatu iliisha saa kumi na moja alfajiri, chumba kilipopoa hatimaye na Mama akapumzika. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, miguu ndani ya beseni, akatoa karatasi ya wakala ya kuandikia kazi. Karatasi hiyo ina visanduku: kuogesha, kuvisha, chakula, dawa, choo, usafi. Hakuna kisanduku cha kupulizia maji, na cha kukaa na mtu hakuna kabisa. Akaniuliza aandike nini. Nikafikiri.

"Andika kuogesha."

"Mara ngapi?"

Tukaanza kuhesabu pamoja tangu saa kumi jioni, tukapotea kwenye usiku wa manane, tukaanza tena. Kwa mujibu wa karatasi ile, ambayo naamini bado ipo kwenye faili mahali fulani, usiku wa tarehe 28 Juni 2021 niliogeshwa mara arobaini na tatu.